Boxer kwenye pikapu: shajara ya mradi, Tegeta hadi Mafinga

Jumapili, 8 Juni 2025

Mdogo wangu amepata kazi ya kusimamia mashamba ya miti Mufindi. Mashamba yenyewe yametawanyika, mengine yako mbali na lami, na bila pikipiki mtu hawezi kuyazungukia yote ndani ya wiki. Mimi ninayo Boxer BM 150 ambayo siku hizi inashinda barazani hapa Tegeta, Dar es Salaam. Nimemwambia naileta. Shemeji amekubali kutoa Hilux yake ya zamani, ya kabini moja, kwa sharti kwamba bodi isitobolewe hata tundu moja.

Kuiendesha mpaka Mafinga, kilomita kama 580 katikati ya malori ya Tunduma, hilo sikulifikiria. Kuna mabasi yanayopakia pikipiki kwenye buti, lakini huko hulazwa ubavu na mabegi juu yake. Basi ni pikapu, na safari nimeipanga wikiendi ya Saba Saba. Nina wiki nne.

Kabla sijashika spana naandika kisa cha mwaka juzi, maana ndicho kilichonifanya nifungue daftari hili. Nilikodi pikapu kuileta Boxer hii hii kutoka Bagamoyo. Dereva aliisimamisha kwa stendi ya pembeni, akaizungushia kamba ya manila huku na huku, kisha akamwambia kijana wake akae nyuma aishikilie. Kwenye tuta la tatu au la nne pikipiki iliruka, stendi ikajikunja, na kilo 120 zikamwangukia yule kijana mguuni. Tulimtoa petroli ikimwagika kwenye suruali yake. Mfupa haukuvunjika, Mungu alisaidia, ila alichechemea wiki nzima. Bonde kwenye tangi lipo mpaka leo, na kila nikijaza mafuta naliona. Sijasahau kwamba mimi nami nilikuwa pale, niliona kamba ile ilivyofungwa, nikanyamaza kwa sababu nilidhani mwenye gari ndiye anayejua.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mradi imeshaandikwa: hakuna mtu atakayekaa nyuma. Kama pikipiki inahitaji mtu wa kuishikilia, haijafungwa.

Vipimo vya leo. Sakafu ya bodi ina urefu wa sentimita 220 na upana wa 150. Pikipiki ina urefu wa mita 2 na kidogo, kwa hiyo inaingia wima na mlango wa nyuma unafungika. Kutoka ardhini hadi sakafu ya bodi ni sentimita 78. Nyuma ya kabini kuna fremu ya bomba yenye kimo cha mita 1, imeshikwa kwa bolti kwenye kona mbili za mbele za bodi.

Jumanne, 10 Juni

Ubao wa kupandishia. Nilitaka futi 10, kwa sababu ubao ukiwa mrefu mteremko unalala na kazi inapungua. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kimo kwa urefu wa ubao, zidisha kwa uzito. Kwa ubao wa mita 2 ningesukuma kama kilo 47. Kwa futi 10, kilo 31. Lakini ubao huo lazima usafiri nasi, la sivyo tutashushaje huko? Na futi 10 hauingii kwenye bodi yangu. Futi 8 unaingia: unalala kwa mshazari ubavuni mwa pikipiki, mguu wake sakafuni karibu na mlango wa nyuma, kichwa kwenye fremu ya mbele, ukichomoza kidogo tu juu. Kwa futi 8 nitasukuma kilo 38 hivi. Nikirudisha gari kwenye tuta la udongo lenye kimo cha sentimita 30, zinashuka hadi 24. Hapo hata mimi peke yangu naweza, ingawa sitafanya peke yangu.

Nimenunua paini, inchi mbili kwa kumi. Muuza mbao aliusifia: "Za Mafinga hizi, kaka." Nikamwambia basi unarudi kwao. Wa kwanza aliotoa niliukataa, ulikuwa na kifundo kikubwa katikati, kiasi cha kiganja, na mbao hukatikia hapo hapo. Wa pili umenyooka na nyuzi zake zinakwenda sambamba na urefu.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzima kwa fundi wa kuchomelea.

Kibanio cha tairi la mbele ndicho moyo wa kazi hii. Tairi la Boxer mbele ni 2.75-17, upana wake sentimita 7 kwa makadirio. Fundi amekunja mabomba mawili ya inchi moja yakawa kama mikono iliyonyooshwa kupokea kitu: mlangoni yameachana sentimita 12, ndani yamebanana hadi 7 na nusu, na mbele kuna bomba la kuzuia tairi lisisogee. Ukisukuma pikipiki ikaingia, inasimama yenyewe sekunde chache hata ukiiachia kidogo. Hizo sekunde chache ndizo zinazokupa nafasi ya kushika mkanda wa kwanza.

Kibanio kimefungwa kwa bolti nne kwenye plaiwudi ya milimita 18, iliyokatwa ienee sakafuni kati ya vifuniko vya matairi. Plaiwudi nayo imeshikwa na nini, wakati shemeji amekataza kutoboa? Hapa fundi ndiye aliyefikiri. Alipanda kwenye bodi, akaipangusa kwa mguu, akanionyesha vichwa vya bolti zinazoifunga bodi kwenye chesisi. "Tundu zako hizi hapa kaka, zimetobolewa na Toyota." Tumefungua bolti moja moja, tukaweka ndefu zaidi za unene ule ule, na chini ya kila kichwa tukabana bamba lenye pete ya chuma. Sasa nina pete nne sakafuni na plaiwudi haichezi.

Pia amechomelea vipande viwili vya chuma pembe chini ya ubao, kwa urefu wake wote, na kwenye ncha ya juu ameweka ulimi wa bamba unaokaa juu ya sakafu ya bodi, wenye tundu la kupitisha mkanda. Tundu hilo nililisisitiza mpaka akachoka nami. Tairi la nyuma linapopanda kwa nguvu ya injini linausukuma ubao nyuma, na ubao usiofungwa unachomoka wakati pikipiki iko katikati na mtu yuko ubavuni mwake. Ulimi peke yake hautoshi. Ubao utafungwa kwenye gari kila mara, hata kwa kupakia kwa dakika moja.

Mlango wa nyuma tutaushusha, ubao utapita juu yake bila kuulalia. Minyororo yake ina kutu, na sitaki kuipa kilo 200 za pikipiki na mtu.

Jumapili, 15 Juni

Mikanda. Nimechukua minne ya racheti, yaani yenye kikazio cha meno, na mmoja wa akiba, upana milimita 25, kila mmoja una lebo iliyoandikwa kilo 500. Nikamrudishia muuzaji ile mipira ya tyubu aliyotaka kuniongezea bure. Mipira ya tyubu naipenda, imebeba magunia na vitanda mji huu wote, lakini tabia yake ni kuvutika, na kitu kinachovutika kinaupa mzigo nafasi ya kuanza kuyumba. Mzigo ukishaanza kuyumba unakusanya nguvu. Mpira utabaki kwa kazi ndogo ndogo.

Nilitafuta ni nguvu kiasi gani mfungo unapaswa kuhimili. Kanuni ya Ulaya ya kufunga mizigo ya barabarani inataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni na nyuma kwa asilimia 50. Kwa Boxer ni kilo 96 mbele na 60 kwingine. Mikanda yangu inazimudu mara kadhaa. Kwa hiyo swali si unene wa mkanda. Swali ni unashika wapi na unavuta kuelekea wapi.

Usukani wa Boxer ni bomba lililobanwa kwa bolti ndogo, ukiuvuta unazunguka, na mikanda ikishazungusha usukani inalegea yote miwili kwa pamoja. Kwa hiyo nimepitisha vitanzi vya mkanda laini chini, pale foki mbili, yale mabomba ya shokapu za mbele, zinaposhikwa pamoja chini ya taa, na racheti zitashika vitanzi hivyo. Vitanzi havikwangui rangi, na havipiti juu ya kebo ya klachi wala waya wa breki. Nilikagua kwa tochi pande zote mbili.

Halafu ule ubishi wa kipande cha mbao. Jirani, ambaye zamani alikuwa na Yamaha DT, pikipiki ya njia mbovu, alinishauri nikate gogo niliweke kati ya tairi la mbele na madigadi, ili nikikaza mikanda shokapu zisizame mpaka mwisho na kuumiza sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Kwa DT amesema kweli kabisa, maana madigadi yake iko juu na tairi linapanda kuifuata. Tulikaa barazani tukakata kipande, tukakisokomeza kwenye Boxer, nikakaa juu nikabonyeza. Kipande kilishuka na tairi, madigadi nayo ikashuka. Madigadi ya Boxer imefungwa kwenye mguu wa foki wenyewe, inakwenda popote tairi linapokwenda. Gogo halizuii kitu pale, litapasua plastiki tu. Jirani alipiga magoti, akabonyeza kwa mkono wake mara mbili, akasema, "Haya, hii ni mnyama mwingine."

Badala yake nimefunga kamba nyembamba ya mpira kwenye bomba la foki linalong'aa. Shokapu ikizama, mpira unasukumwa juu na kubaki pale, nami napima. Foki zina mwendo wa sentimita 12 na nusu. Nimeamua nikaze mpaka zizame 5. Zikizama kidogo mno, kila shimo litalegeza mikanda. Zikizama mno, hazina pa kwenda gari likiruka, na shinikizo lote linaangukia sili.

Jumamosi, 21 Juni

Jaribio la kwanza. Limeshindwa.

Kupakia kulikwenda vizuri. Shemeji alikaa nyuma ya pikipiki akisukuma, mimi upande wa kushoto nikishika usukani, na kreti ya soda kama ngazi ya kupandia bodini. Ubao ulifungwa. Injini tuliizima, tukasukuma kwa mikono, kwa sababu kwa kilo 24 sioni haja ya injini kuunguruma miguuni mwa watu. Tairi likaingia kwenye kibanio, nikafunga mikanda miwili ya mbele kwenye pete za mbele, miwili ya nyuma kutoka kwenye fremu chini ya siti hadi pete za nyuma. Stendi imekunjwa. Hili nalo walio wengi hulikosea: wanaacha stendi chini wakidhani inasaidia, kumbe ukikaza mikanda unaubonyeza uzito wote juu ya kipande kile kidogo cha chuma, na tuta la kwanza linakipinda au linatoboa sakafu.

Niliweka simu kwenye fremu ikirekodi, tukaenda Bunju na kurudi.

Video imeniumiza. Kwenye kila kona kichwa cha pikipiki kinalala na kurudi, kinalala na kurudi, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Haikuanguka, lakini mfungo ule haukuwa mfungo. Tuliporudi nilikaa nao mpaka nikaelewa. Pete za sakafuni zinafuata chesisi, na chesisi ni nyembamba kuliko bodi: kati ya pete mbili ni sentimita 95 tu. Mikanda yangu ilisimama karibu wima kama mlingoti. Mkanda uliosimama unavuta chini, hauna nguvu ya kuzuia ubavuni. Inabidi ulale, uende chini, mbele na nje kwa wakati mmoja, kulia na kushoto sawa.

Jambo la pili video ilinionyesha bila mimi kulitegemea. Kwenye tuta moja karibu na Boko, nilipotua kwa kasi kidogo, foki zilizama, mkanda wa kulia ukalegea nusu sekunde, na kulabu yake ikazunguka kwenye pete hadi ikabaki imeshika kwa ncha. Ingetokea tena mara moja tu, ingetoka. Kulabu iliyo wazi inashika kwa sababu mkanda umekaza. Hakuna kingine kinachoishikilia.

Shemeji alitazama ile video mara tatu. Hakusema kitu kuhusu bodi yake.

Jumatano, 25 Juni

Nimerudi kwa fundi. Mabamba mawili mapya yenye pete, yanabanwa na bolti za miguu ya fremu ya mbele, kwenye kona kabisa. Sasa kati ya pete na pete ni sentimita 138. Za sakafuni mbele nimeziacha wazi. Kwenye midomo ya kulabu zote nane tunafunga kipande cha mpira wa tyubu, mizunguko minne na fundo, kulabu isiweze kutoka hata mkanda ukilegea. Hiyo ndiyo kazi ndogo niliyokuwa nimeuwekea mpira.

Jumamosi, 28 Juni

Jaribio la pili, njia ile ile, matuta yale yale. Pikipiki na gari vimekuwa kitu kimoja. Kwenye video kinachotikisika ni indiketa tu.

Niliongeza jaribio la breki kwenye uwanja wa wazi: mwendo wa 40, nikakanyaga mpaka matairi yakalia. Boxer ilisukuma kwenye kibanio na kurudi mahali pake. Kisha nikapima racheti. Za mbele zilikuwa zimelegea, kila moja imekubali meno mawili zaidi. Si kwamba zimeteleza. Vitanzi vilijikaza kwenye chuma, foki zikatulia, tairi likajikalia. Kila mfungo mpya hufanya hivyo katika kilomita za mwanzo, kwa hiyo kituo cha kwanza siku ya safari kitakuwa karibu, Kibaha, hata kama tuna haraka.

Jingine dogo: mkanda mpana ulionyooka ulivuma kama nzi mkubwa tulipofika mwendo wa 70. Nikaupindua mara moja kabla ya kuufunga, kimya. Kuvuma huko ndiko kunakoula mkanda polepole.

Mikanda ya nyuma nimejifunza kutoikaza kwa hasira. Kazi yake ni kuzuia mkia usirushwe kushoto na kulia. Ukiikaza sana inaivuta pikipiki nyuma, na tairi la mbele linaanza kutoka kwenye kibanio.

Ijumaa, 4 Julai

Tumepakia jioni kukiwa bado na mwanga. Petroli nimeipunguza hadi robo tangi, koki imefungwa. Gia namba moja. Vioo vya pembeni vimefunguliwa na kuwekwa kabini. Ncha za mikanda zimesokotwa na kufungwa, maana ncha inayopepea ikiingia kwenye tairi la nyuma la gari itavuta kila kitu. Ubao juu, umefungwa kwa mkanda wake wenyewe. Kadi ya pikipiki, bima na vitambulisho kwenye bahasha moja.

Mpira kwenye foki: sentimita 5.

Jumamosi, 5 Julai

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri kupitia Goba hadi Mbezi. Kibaha tukasimama: jino moja mbele kushoto, jino moja mbele kulia. Chalinze hakuna la kukaza. Morogoro, pale Msamvu, tumekunywa chai na kukagua, hakuna. Trafiki mmoja baada ya Morogoro alitusimamisha, akazunguka nyuma, akashika mkanda na kuutikisa.

"Umefunga mwenyewe?"

"Mwenyewe, afande."

Akaangalia kadi, akatutakia safari njema. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Hifadhi ya Mikumi barabara inapita ndani kwa kilomita kama 50, na pale mtu anakwenda taratibu kwa sababu mbili: wanyama, na vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga. Kwangu kulikuwa na ya tatu, matuta. Niliyapita yote kwa gia ya pili. Nyani walikaa kando ya lami wakituangalia, na nilishukuru kwamba hatukuwa na ndizi nyuma.

Ruaha Mbuyuni ndipo kazi yangu ilipojibiwa. Shemeji alishuka kununua vitunguu, nami nikaanza kupitisha kidole kwenye kila mkanda, toka juu hadi chini, kama ninavyofanya kila kituo. Macho yanadanganya, kidole hakidanganyi. Mkanda wa nyuma kulia, chini kidogo ya siti, kidole kilikutana na manyoya. Nyuzi zilikuwa zimesimama kwa upana wa sentimita moja hivi, karibu nusu ya mkanda. Nilipoinama nikaona: mkanda ulipita juu ya ukingo wa kishikio cha namba, bati jembamba, kali kama wembe. Kwa kilomita 380 ulikuwa ukisuguliwa taratibu. Dar nilikuwa nimeuona ukigusa pale. Nikadhani kugusa si kitu.

Mbele yetu ilikuwa Kitonga. Kupanda mlima ule mzigo wote unavuta nyuma, kona zinabana, na mbele yako yanashuka malori yenye breki za moto. Mkanda wa nyuma ukikatika hapo, mkia unakwenda ubavuni na zile za mbele haziwezi kuushikilia peke yake.

Tulitoa mkanda ule, tukafunga wa akiba, nikaupitisha ndani ya kishikio cha namba, na kwenye kila mahali panapogusa chuma nikaweka kipande cha tyubu kilichopasuliwa kama ala. Kushoto pia, ingawa kushoto hakukuwa na alama. Uliokatika nusu niliukata kabisa kwa kisu, vipande viwili. Mkanda mbovu ukibaki mzima, siku moja mtu atauokota na kuutumia.

Kitonga tulipanda nyuma ya lori la makontena, mwendo wa mtu anayetembea. Nilikuwa naangalia kioo cha nyuma zaidi ya barabara mpaka shemeji akasema, "Shem, wewe angalia mbele, nyuma nitaangalia mimi." Akageuka kwenye siti akakaa hivyo mpaka Ilula. Ndivyo tulivyopaswa kufanya tangu Tegeta.

Mafinga tumeingia saa moja usiku, baridi inapenya mpaka kwenye meno. Mdogo wangu alikuwa barabarani na koti kubwa. "Shikamoo kaka! Tuishushe?" Marahaba, lakini hatushushi kitu gizani, tena na mikono iliyokufa ganzi. Tumeingiza gari uani.

Jumapili, 6 Julai

Kushusha. Watu hudhani ugumu ni kupandisha. Wakati wa kupandisha pikipiki ikikushinda inarudi nyuma, na ulijiandaa kwa hilo. Wakati wa kushusha ndiyo inataka kwenda, na wewe unaifuata.

Tulirudisha gari kwenye ukingo wa bustani, kimo kikapungua. Ubao ukafungwa. Mikanda ya nyuma ikatoka kwanza, kisha mdogo wangu akashika usukani ndipo nikalegeza ya mbele, taratibu, maana foki zilizobanwa zinaruka juu zikiachiwa ghafla.

Nilimfundisha jambo moja nililofundishwa na fundi wangu wa pikipiki. Ukishuka kinyumenyume, uzito wote unalala kwenye tairi la nyuma. Breki ya mbele ukiibana, tairi la mbele linasimama lakini halina uzito, linateleza tu juu ya ubao. Breki ya nyuma iko mguuni, na mguu wako una kazi ya kutembea. Kwa hiyo acha injini imezimwa, gia namba moja, na ushike klachi. Ukilegeza klachi, injini inalishika tairi la nyuma. Ukibana, linatembea. Hatua moja moja, kwa vidole vya mkono wa kushoto.

Alishuka hivyo, akilegeza na kubana, mimi nikiwa chini kando ya tairi la nyuma, si nyuma yake. Umande ulikuwa umelowesha ubao, na katikati kiatu cha mdogo wangu kiliteleza kwenye ukingo wake. Akaachia klachi. Pikipiki ikasimama pale pale, kama imegonga ukuta. Tukatazamana. Akarudisha mguu wake, akapumua, akaendelea.

Mpira kwenye foki ulikuwa umefika sentimita 9 safari nzima. Sili kavu. Bonde la tangi ni lile lile la zamani, hakuna jipya. Nimefungua koki, nikarudisha vioo, nikavuta choki, ikawaka kwa teke la nne.

Jumatatu, 7 Julai

Tunarudi bodi ikiwa tupu. Kibanio kinagonga plaiwudi kila shimo, kinahitaji washa za mpira. Na juu ya ubao lazima nipigilie vipande vyembamba vya mbao kwa kukingama, kila sentimita 20 kwenye ukingo anakopita mtu, kwa ajili ya umande. Hilo ni la wiki hii.

Jirani alipiga simu tukiwa Ifunda. Kuna jamaa yake anataka kupeleka DT Handeni mwisho wa mwezi, anauliza kama kibanio kitaikubali. Nimemwambia apime upana wa tairi la mbele na anitumie namba, na kile kipande cha gogo tulichokata barazani asikitupe.